Dawa Isiyo Chungu

Kaka yangu alikuwa mtu wa kwanza wa kilima chetu kuvaa koti jeupe la dispanseri. Baba alikufa nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo huyo kaka ndiye niliyemjua kama baba. Ni yeye aliyenionyesha namna ya kushika jembe, na nilipoolewa ni yeye aliyekaa mbele ya wageni wa mahari na kuwajibu kwa niaba ya ukoo. Alipokuwa akirudi likizo kutoka shule ya wainfirmie, yaani wauguzi, watu walimfuata kumwonyesha vidonda vyao kabla hajatua mzigo. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kuwagombeza, "Mumuache kwanza akule!" lakini uso wake ulikuwa unacheka.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikuwa na sababu hata moja ya kumshuku.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wenye amri. Tulikaa milimani, upande wa Nyabiondo, pale ambapo njia huanza kuteremka kuelekea msitu wa Walikale. Mume wangu alikuwa ameteremka huko kuchimba bati. Mimi nilibaki na mama mzazi, shamba la maharage na mihogo, na binti yetu mmoja aliyekuwa ameanza kusema maneno kamili na kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Kaka alikuwa amemchongea kijembe cha mti. Alikibeba kila mahali, hata kanisani.

Ugonjwa ulipanda na njia hiyohiyo ya Walikale. Wanaume waliomaliza kazi machimboni walirudi nyumbani na macinya, ndivyo tunavyoita kuhara damu. Tumbo linamkata mtu kama amemeza wembe, anachuchumaa nyuma ya nyumba mpaka nguvu za kusimama zinaisha, na kinachotoka si chakula tena, ni damu na makamasi. Kwanza ilikuwa nyumba moja chini ya kilima. Kisha jirani zao. Kisha waliokwenda kulia msiba wakarudi nao.

Kaka alipewa kazi ya kuuzuia. Nilimwona jinsi alivyokonda wiki zile. Alipita ua kwa ua akiamuru kila nyumba ichimbe choo kirefu mbali na kijito. Soko lilifungwa. Maji ya kunywa yalitakiwa yachemke, mikono isuguliwe kwa majivu, na maiti azikwe upesi bila watu kula chakula cha msiba. Hili la mwisho ndilo lililowaudhi watu zaidi. Wazee walisema mtoto wetu amekwenda shule kurudi kutufundisha kuzika watu kama mbwa. Nilimtetea. Nilisimama mbele ya wanawake kwenye maji nikawaambia, "Kaka yangu hana faida yoyote katika hii. Anataka mubaki wazima." Nilikuwa na uhakika na maneno yangu.

Halafu akaja munganga, daktari wa Kizungu, kutoka mjini. Gari lilimfikisha mwisho wa barabara, na masanduku yake yakabebwa mabegani hadi kwetu. Hakuwa mtu wa makelele. Alijifunza salamu za Kihunde siku ileile aliyofika, akawa anakosea na kucheka mwenyewe. Aliagiza zijengwe nyumba mbili ndefu za matete na majani mgongoni mwa kilima, moja juu, moja chini, na katikati yake uwanja wa nyasi tulikoanika nguo za wagonjwa. Kila mwenye macinya alipaswa kuletwa pale, asibaki nyumbani kwake kuambukiza watoto.

Kaka aliniita nyuma ya jikoni la nyumba zile.

"Dada," akasema, "wale mama wananiogopa sababu ya hii koti. Wewe hawakuogope. Kuya unisaidie."

"Nikusaidie nini?"

"Munganga anahitaji choo yao. Ya kila mugonjwa, kidogo tu, ndani ya mukebe. Anaiangalia na mashini yake kusudi ajue ni mududu gani."

Nilicheka. Nilipoona yeye hacheki, nikanyamaza. Kwetu uchafu wa mtu haupewi mtu. Mama huzika wa mtoto wake mchanga chini ya mgomba, maana anayekishika kilichotoka tumboni mwako anaweza kukumaliza. Kumwambia mwanamke wa kilima chetu amkabidhi mgeni kitu hicho kilikuwa sawa na kumwomba roho yake.

"Hawatakubali," nikamwambia.

"Watakubali wakiona umeanza wewe."

Nikaanza mimi. Nilichukua mkebe mbele ya wanawake wote, nikaenda nyuma ya majani, nikarudi nao umefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba, nikauweka juu ya meza ya munganga. Jirani yangu, mwanamke tuliyelima naye bega kwa bega tangu tukiwa wasichana, akapaza sauti, "Yee! Wewe umepoteza haya kabisa!" Wote wakaangua kicheko, na kile kicheko ndicho kilichofungua njia. Yeye mwenyewe alinifuata, kwa sababu mwanawe wa kiume alikuwa amelazwa. Na wengine wakaja nyuma yake. Tangu siku hiyo, mwanamke akikataa kuleta mgonjwa wake, nilitumwa mimi.

Mlangoni mwa nyumba zile kaka alikuwa akisimama na kopo lenye maharage mekundu na meupe. Kila aliyeingia, au mama yake kama ni mtoto, alitia mkono bila kutazama na kutoa punje moja. Nyekundu, unalazwa nyumba ya juu. Nyeupe, nyumba ya chini. Nilimuuliza sababu.

"Ni kusudi watu wasigombanie vitanda," akajibu. "Wasiseme huyu anapendwa, huyu hapendwi."

"Na dawa?"

"Dawa iko moja."

Nilikuwa karibu naye kabisa. Nilisikia vizuri. Na hayo ndiyo maneno niliyoyapeleka kwenye milango ya watu: dawa iko moja, juu ao chini, mutoto wako atapewa sawa na mutoto wa mwingine.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kusaga vidonge vya watoto na kuvichanganya na uji wa mtama; kila nyumba ilikuwa na kopo lake la vidonge, na kwa macho vilifanana. Watoto wa nyumba ya juu walitusumbua. Walitema, walilia, walituuma vidole. Wale wa nyumba ya chini walimeza bila neno. Sisi wanawake tulifanya mzaha kwamba wa chini wamelelewa vizuri kuliko wa juu. Kaka alitusikia tukisema hivyo. Alipita na ndoo yake.

Asubuhi moja tukiwa shambani, binti yangu alichuchumaa katikati ya mistari ya maharage akaniita. "Mama, tumbo inaniuma sana." Nilipofika, nikaona damu. Sikurudi nyumbani hata kuchukua nguo. Nilimbeba hivyohivyo, nikapanda kilima nikikimbia, na moyoni, pamoja na hofu yote, nilikuwa na kitu kama shukrani: kaka yangu yuko pale, dawa iko pale, mtoto wangu hatakufa kama wale wa mwanzo.

Kaka alikuwa mlangoni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akaninyooshea kopo. Nikatoa punje. Ilikuwa nyeupe.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo ilivyo. Sauti yake ilikuwa kavu. Nilifikiri ni uchovu. Mimi nilifurahi, kwa maana nyumba ya chini ilikuwa karibu na jikoni na ningeweza kumwangalia huku nikifanya kazi.

Binti yangu alimeza kidonge chake vizuri kabisa. Nilimsifu. Nilimwambia, "Ona mutoto mwenye akili, siyo kama wale wa kule juu." Alifungua mdomo kunionyesha kwamba amemaliza. Kaka alikuja mara kwa mara. Alimshika paji la uso, akaniletea maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, akanifundisha kumnywesha kwa kijiko, polepole, bila kuchoka. Siwezi kusema hakumjali. Ndiyo maana imenichukua miaka mingi kuelewa nilichokiona. Alikaa pale, akamshika mkono mpwa wake, akijua anachomnyima.

Mtoto akawa mwepesi. Kila nilipombadilisha mkono niliona uzito umepungua. Alikufa mchana, jua likiwa linawaka, wenzangu wakianika nguo kwenye uwanja wa nyasi na kuongea habari za mvua. Niliwaona kupitia matete. Nilikaa kidogo bila kuwaita, kwa sababu nikiwaita ingekuwa kweli.

Kaka mwenyewe alichimba kaburi na kumwaga chokaa. Hatukulia msiba, amri ilikuwa amri, na sisi ndugu wa infirmie tulipaswa kuonyesha mfano. Alipomaliza kushindilia udongo alikaa chini akalia mpaka mabega yakatikisika. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimshika kichwa, nikamwambia, "Kaka, ulifanya yote."

Nilirudi kazini. Watu walishangaa, lakini ningefanya nini nyumbani? Kulikuwa na watoto wa wenzangu mle ndani, na kaka alisema nikiacha mimi, wanawake wote wataacha na kuondoka na wagonjwa wao, na macinya itarudi majumbani. Niliamini. Niliendelea kusaga vidonge na kusema dawa iko moja.

Kisha akaugua mama.

Alipanda kilima kwa miguu yake, akijishika kwenye fimbo, akikataa kubebwa. Naye alitia mkono ndani ya kopo, naye akatoa nyeupe. Munganga mwenyewe alikuwa amesimama pale akitazama. Mama akalazwa nyumba ya chini, nami nikampa kidonge na uji, naye akameza.

Kesho yake munganga alikwenda Bihambwe, kulikosemekana kuna wagonjwa wapya. Mimi nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, mkeka wa mama ulikuwa mtupu. Ndoo ilinitoka mkononi. Nilipiga kelele nikidhani amekufa na wamemzika bila mimi. Jirani yangu, aliyekuwa akiangalia mwanawe, akanishika mkono.

"Tulia. Iko muzima. Kaka yako amemubeba juu."

"Juu? Kwa nini juu?"

"Siyue. Amemubeba kwa mugongo kama mutoto. Hata hakutuangalia."

Nikapanda. Mama alikuwa amelazwa mahali pazuri, karibu na mlango penye hewa. Kaka alikuwa amepiga magoti, anamlisha kwa kijiko. Mama alikunja uso mzima, akasukuma mkono wake.

"Hii iko chungu sana," akanung'unika. "Ile ya jana ilikuwa kama unga tu. Nipatie ile ya jana."

Kaka alinyanyua macho akaniona. Aliweka kijiko chini taratibu, akatoka nje, akaenda kuosha mikono.

Nilichukua kijiko nikakilamba. Uchungu ule ulinishika ulimi wote hadi kooni. Nikateremka hadi nyumba ya chini, nikafungua kopo la vidonge nililolishika kila siku, nikaweka kimoja mdomoni. Kiliyeyuka kama chokaa iliyobanduka ukutani mwa darasa. Hakikuwa na ladha ya kitu. Nilikuwa nimevisaga kwa mikono yangu, nimevitia katika vinywa vya watoto wa watu na cha mtoto wangu, na sikuwahi kuonja. Nani anaonja dawa ya mgonjwa?

Nilimkuta kaka nyuma ya jikoni, penye kuni. Hakukimbia.

"Ya chini si dawa," nikamwambia.

"Ni vidonge vya unga," akasema. "Havina ubaya. Havina na kazi."

"Uliniambia dawa iko moja."

"Munganga alitaka ajue kama hii dawa mupya inaponyesha kweli. Kuna watu wanapona wao wenyewe na maji tu na uji. Kama kila muntu anapewa dawa, hautajua nani aliponyeshwa na dawa na nani alipona yeye mwenyewe. Lazima kuwe upande moja usipate. Njo namna wanafanya. Alinieleza vizuri, na mimi niliona iko na akili."

Alisema vizuri, kama mtu anayejibu mtihani. Nilimwacha amalize.

"Siku nilileta mutoto, ulijua ile punje nyeupe iko nini?"

Akatazama kuni.

"Kaka. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinisikia nikimusifu namna anameza."

"Nilikusikia."

"Kwa nini haukumubeba juu?"

"Haikuwezekana. Munganga alikuwa anajua kila mugonjwa na nyumba yake. Angeniondoa ku kazi. Na ningeanza na mutoto wetu, kesho ni wa shangazi, kesho kutwa ni wa nani? Kazi yote ingeharibika. Nilisema labda ni mumoja wa wale wanapona wao wenyewe. Niliomba Mungu iwe vile."

"Lakini mama umemubeba."

Aliokota ukuni mmoja, akaurudisha palepale. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama iko mama."

Kumbe iliwezekana. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko vidonge vya unga, kuliko kopo la maharage. Miguu ilikuwa ileile, mgongo uleule, njia ya kupanda ileile fupi kupita uwanja wa nguo. Munganga alikuwa akitoka hata siku zile binti yangu alipokuwa amelala pale. Mtu aliyeweza kumbeba mama mzima angeweza kumbeba mtoto kwa mkono mmoja.

Sikumtukana. Niliingia nyumba ya chini, nikasimama katikati, nikasema kwa Kihunde na kwa Kiswahili ili wote wasikie: kidonge cha humu ni unga, dawa iko kule juu, mimi sikujua, na mtoto wangu amekufa nao. Kwanza hakuna aliyesogea. Mzee mmoja aliniuliza kama huzuni imenipanda kichwani. Kisha jirani yangu aliinama, akambeba mwanawe, akatoka. Wa pili akafuata. Wenye nguvu waliwavuta wasio na nguvu juu ya mikeka. Muda mfupi tu nyumba ya chini ikabaki na harufu yake, na nyumba ya juu ikajaa mpaka watu wakalala nje kwenye nyasi, juu ya nguo zilizokuwa zinakauka. Polisi mmoja wa chefu, mkuu wa eneo letu, aliyekuwa analinda njia alimtazama kaka apate amri. Kaka alikaa kwenye kuni na hakutoa amri yoyote.

Munganga aliporudi jioni, jua likiwa bado halijashuka, alisimama muda mrefu akitazama watu walivyochanganyika.

"Nani amefanya hii?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

Akanieleza yaleyale aliyonieleza kaka, kwa Kiswahili chake cha ofisini, bila hasira. Akasema wengine hupona wenyewe.

"Mutoto yangu hakupona yeye mwenyewe," nikamjibu.

"Pole, Mama," akasema. Kisha akageuka akasema na kaka kwa Kifaransa, na kaka akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi. Baadaye yakatoka maagizo kwamba, kwa kuwa kazi imekwisha kuharibika, kila mtu apewe dawa chungu. Kwa hiyo ilikuwapo. Masanduku yalifunguliwa na ilitosha wote. Mwana wa jirani yangu alipona. Mama alipona. Baada ya muda, vyoo na majivu vikisaidia, macinya ilikwisha milimani kwetu, na munganga akafunga mizigo yake akaenda. Nyumba zile mbili zilichomwa moto.

Sina kinyongo kikubwa na yule Mzungu, na watu hushangaa nikisema hivyo. Alifanya alichofanya, lakini hakuwahi kuniahidi kitu. Hatukukua pamoja. Hakula kwa mkono wangu. Aliyeniambia dawa iko moja ni mtoto wa mama yangu.

Mama alipopata nguvu za kukaa, nilimweleza yote. Nilitegemea atamwita kaka na kumkemea mbele ya ukoo. Alivuta nyuzi za mkeka.

"Kama angeniuliza," akasema hatimaye, "ningemuambia anibakishe chini, amubebe mutoto."

"Lakini hakukuuliza."

"Hakuniuliza." Akafuta macho. "Sasa usiseme tena hii maneno, mama yangu. Mimi niko na watoto wawili tu. Usiniache na mumoja."

Na kweli mama mwenyewe hakuyasema tena. Alikwenda kwa kaka kama zamani, akakaa uani kwake akimchambulia maharage, akarudi kwangu na salamu zake. Kila alipozitaja zile salamu nilihisi kwamba hata yeye, aliyepewa nafasi ya binti yangu, amechagua upande. Labda nilimkosea kwa kuwaza hivyo. Lakini ndivyo nilivyohisi, na sikuweza kuhisi vingine.

Wanawake nao waligawanyika. Wengine walikuja kunikumbatia. Waliofiwa katika nyumba ya chini walikumbuka kwamba ni mimi niliyekwenda kwenye milango yao, ni mimi niliyetangulia na mkebe. "Walikula feza ya munganga, yeye na kaka yake," nilisikia kwenye maji. "Choo yetu waliipeleka Ulaya." Siku za kulima kwa zamu waliacha kuniita. Jirani yangu alinitetea, aligombana nao, lakini hata yeye, mwanawe alipopata homa miezi iliyofuata, alimpeleka mbali, kwa masera, wale watawa wa misheni, bila kuniambia. Nilimwona akipita na mtoto mgongoni. Naye aliniona, akainamisha kichwa.

Mume wangu alirudi kutoka Walikale akiwa ameshasikia njiani. Aliingia, akakaa, hakugusa chakula. "Ulijua?" akaniuliza. Nikasema hapana. Alinitazama machoni kwa kitambo, kisha akavuta sahani. Hakuniuliza tena maisha yake yote. Mavuno yalipokwisha alisema, "Twende kwetu kule chini," nami nikafunga vitu vyangu. Huko Walikale nilizaa watoto wengine. Nilijifunza kulima katika kivuli cha miti mikubwa na kupika nyama ya msituni. Nilijifunza pia tabia moja ambayo watu waliidhania kuwa wazimu: dawa yoyote iliyotoka dispanseri niliionja kwanza mimi.

Kaka alipandishwa cheo. Sijui kama ilikuwa zawadi ya kunyamaza kwake ama ya kusoma kwake. Alikuwa infirmie mzuri, hilo hata mimi siwezi kulikana. Alihamishiwa mbali. Tulipata habari zake kwa kupitia mama.

Alikuja kwetu mara moja, mwisho wa miaka ile, wakati kila mtu njiani alikuwa anasema endepandansi, uhuru. Alikuwa amenenepa na kichwa kimeanza kuwa na mvi. Watoto wangu walimkimbilia, maana nilikuwa nimewaambia kwamba wana mjomba. Sikuwa nimewaambia zaidi. Aliwapa biskuti, akawauliza majina ya masomo yao. Walipokwenda kucheza, tukabaki wawili.

"Ile dawa chungu sasa iko kila fasi," akaanza. "Hata ku dispanseri ndogo. Macinya haiuwe tena watu kama zamani. Ile kazi ilisaidia, dada. Watu wengi wamepona sababu ya ile kazi."

"Ile kazi haikufika mwisho," nikasema. "Niliiharibu mimi. Kama dawa inajulikana, ilijulikana fasi ingine."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa pa kushika. Kisha akasema, "Niliogopa. Njo ukweli. Nilimuogopa munganga, niliogopa kuvuliwa ile koti. Sasa Wazungu wanaenda kwao, na mimi najiuliza nilikuwa naogopa nini."

Nilikuwa nimesubiri neno hilo tangu siku ile penye kuni. Nilidhani likija nitalia, au nitampiga, au nitamsamehe. Hakuna lililotokea. Nilimsikia, nikaona ni kweli, na kweli yenyewe haikupunguza kitu.

"Sema kitu," akaniomba.

"Nimesikia, Kaka."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alilala kwetu, nikampikia, mume wangu akampa kasiksi, pombe ya ndizi, wakaongea habari za uchaguzi. Asubuhi alipoaga, nilimsindikiza hadi kwenye daraja la magogo. Kwetu anayesindikizwa ni mgeni, si ndugu uliyezaliwa naye. Ndugu anajua njia, anakwenda na kurudi apendavyo. Yeye alilijua hilo. Alipoona ninatembea naye hatua kwa hatua, nikimuuliza kwa adabu kama viatu vyake havimuumizi, alianza kutembea polepole, na machozi yakamtoka. Tulipofika darajani nilimpa mkono, nikamtakia safari njema, nikageuka kwenda shambani kabla jua halijawa kali.